Kuuza kwa Picha

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Mombasa, baada ya darsa, suali ambalo kwa dhahiri yake ni dogo na kwa ndani yake ni kubwa. Mtu huona picha ya kitu katika simu, akapeleka fedha kwa simu hiyo hiyo, na siku ya pili akaletewa kitu chake kutoka Nairobi kwa basi. Je, biashara hii ni sahihi? Na kijana anayeuza kwa picha kitu ambacho mwenyewe hanacho, chumo lake ni halali?

Tulipokuwa Nairobi tulitoka katika Msikiti wa Jamia baada ya Sala ya Adhuhuri, tukatembea hadi Luthuli Avenue, njia mashuhuri kwa simu, redio na vyombo vya umeme. Huko majumba yamegawanywa vibanda vidogo vidogo, na vingine havizidi upana wa mlango. Tuliwaona vijana wakisimama mbele ya vibanda, wakipiga picha za mali, kisha wakienda zao. Wengi wao hawana duka. Hukaa Kangemi au Kawangware, upande wa magharibi wa mji, na duka lao ni simu iliyo mfukoni. Huitia picha katika WhatsApp au Facebook, wakaongeza faida yao juu ya bei, wakangoja. Akitokea mnunuzi wa Lavington au wa Mombasa na akapeleka fedha, hapo ndipo kijana hurudi kibandani kununua, akampa mwenye bodaboda au akapeleka mzigo kituo cha basi.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, fedha zafika kwa dakika moja. Lakini mali yasafiri bado kwa barabara, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Baina ya kufika fedha na kufika mali, ndipo amana ya mtu hujulikana.

Wako wasemao kuwa biashara hii yote ni haramu kwa kuwa ni mpya, na wako wasemao kuwa yote ni halali kwa kuwa dunia imebadilika. Makundi yote mawili yamekosea. Asili ya muamala ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Wala kununua kwa mtu usiyemuona si jambo geni kwetu. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa waliagiza mali kwa barua, wakawapa manahodha fedha, wakangoja msimu mzima. Lililo geni ni hili: barua ya mzee ilikwenda kwa mtu anayejulikana jina, nyumba na nasaba, na picha ya leo yaenda kwa maelfu wasiomjua aliyeituma. Kujuana kumeondoka. Basi ni lazima mahali pake pakae kitu kingine, na kitu hicho ni ukweli wa maelezo.

Sisi watu wa pwani twafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba kuuza kitu maalumu kisichoonwa na wenye kuuziana hakusihi. Wenzetu Mahanafi wameruhusu, na wakampa mnunuzi khiari ya kukataa atakapokiona. Lakini kuna mlango uliokubaliwa na wote, nao ni salamu: kulipa thamani mbele kwa kitu kilichosifiwa, kitakacholetwa baadaye. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya wakati wake. Hakuwakataza, bali aliwaamuru kipimo kiwe kinajulikana, uzani ujulikane na muda ujulikane. Basi anayeuza kwa simu na ataje aina, ukubwa, rangi, kitu kipya au kilichotumika, na siku ya kufika. Kusema "ni kama unavyoona katika picha" hakutoshi, maana picha haina uzani wala haisemi umri wa kitu.

Ama kijana anayeuza asichokuwa nacho, suali lake liliulizwa zamani. Sahaba Hakim bin Hizam alimueleza Mtume (S.A.W.) kuwa hujiwa na mtu akitaka kitu ambacho yeye hana, akamuuzia, kisha akaenda sokoni kukinunua. Akakatazwa kuuza asicho nacho. Hekima yake yaonekana hapo Luthuli. Tuseme simu ni shilingi 9,000 kibandani, na kijana ameiuza kwa 10,500 na fedha amezipokea. Akirudi akakuta imekwisha, au imepanda bei, atafanya nini? Ama atasema uongo, ama ataleta iliyo duni, ama atazima simu yake. Aliingia akitaka chumo la halali, na mwisho amejikuta katika khiana.

Hatusemi haya kumfungia mlango kijana asiye na rasilimali. Nyumba ngapi Kawangware na Majengo zapikiwa kwa faida hiyo! Milango iko. Awe wakala wa mwenye duka, apewe ujira wake. Au awe wakala wa mnunuzi, amwambie: "Kitu ni 9,000, na kazi yangu ni 1,500." Au akinunue kwanza, kikiwa mkononi mwake akiuze kwa faida waliyoridhiana.

Atasema: "Nikimwambia ukweli, atakwenda dukani mwenyewe na mimi nitakosa." Twamjibu: ewe kijana, mtu wa Mombasa hawezi kwenda Luthuli kwa ajili ya simu moja, na mtu wa Lavington hataki kuacha kazi yake akaingia katika msongamano wa mjini. Macho yako yanayojua kitu kizuri na kibaya, na miguu yako iliyokwenda na kurudi, hiyo ndiyo mali yako ya kweli. Iuze waziwazi, wala usione haya. Huna haja ya kujifanya mwenye duka.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono katika fungu la chakula, vidole vyake vikapata umaji chini yake. Akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, akamuonya juu ya ghushi. Picha ya simu ni ile nafaka kavu ya juu. Mnunuzi hana mkono wa kutia chini. Basi muuzaji ni wajibu wake kuutoa umaji juu kwa ulimi wake. Na wale waandikao katika risiti kuwa mali ikishauzwa hairudishwi, wajue kuwa neno hilo haliwavui dhima ya aibu waliyoijua wakaificha. Na serikali nayo, kwa Sheria ya Kumlinda Mnunuzi ya mwaka 2012, imemlazimu auzaye kwa mtandao kumueleza mnunuzi mambo ya mkataba kabla hajafunga.

Wala tusiwalaumu wauzaji peke yao. Mwenye bodaboda mmoja alitueleza kuwa alitoka mjini na mzigo wa kulipiwa mlangoni, akafika Uthiru, na aliyeagiza akazima simu. Petroli ilikuwa yake, na siku ilikuwa yake. Na wako wapokeao mali, kisha wakapeleka ujumbe 456 kutaka fedha zirudishwe, wakidai walikosea namba. Huo ni wizi, hata kama hakuna mlango uliovunjwa. Mnunuzi anayefanya hivi humfundisha muuzaji kutomuamini hata mtu mwema atakayekuja kesho.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo vyote viwili vyajitembeza katika kioo kimoja, vimepambwa mapambo mamoja, na jicho haliwezi kuvitenga. Kwa hivyo ndugu zetu, kabla ya kupeleka picha, kila muuzaji na ajiulize: lau mnunuzi angesimama hapa nilipo, akaona ninachokiona na akajua ninachokijua, angetoa fedha hizi? Ikiwa jawabu ni ndiyo, apeleke, na Mwenyezi Mungu atie baraka. Ikiwa ni la, basi simu haikumficha ila kwa mnunuzi peke yake.

Wabillahi tawfiq.