Kudhuru Bila Kujua: Je, Hatuna Deni?



Ndugu zangu, katika darasa letu la baada ya Magharibi tulifika kwenye Surat An-Naml, kisa cha Nabii Sulaiman (A.S.) na jeshi lake walipofika bonde la sisimizi. Sisimizi mmoja aliwaonya wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na jeshi lile bila jeshi lenyewe kutambua. Aya hii naijua tangu madrasa, lakini safari hii yale maneno ya mwisho yalinikaa moyoni. Sisimizi hakumtuhumu Nabii kwa ubaya. Alimpa udhuru wa kutojua. Nikajiuliza: udhuru huo unadumu mpaka lini?

Nasoma kemia, na wiki hiyohiyo mhadhara wetu ulihusu bahari. Hewa ukaa tunayoitoa kwa kuchoma makaa ya mawe, petroli na dizeli haibaki yote angani. Takriban robo yake humezwa na bahari. Ikiingia majini hutengeneza asidi hafifu, na asidi hiyo hupunguza kabonati, ambayo viumbe vya baharini huitumia kujengea magamba. Tangu enzi ya viwanda ianze, pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1. Bahari haijageuka siki. Bado iko upande wa alkali. Lakini tofauti hiyo inayoonekana ndogo ni ongezeko la karibu asilimia 30 la ioni za haidrojeni.

Miongoni mwa wanaoumia mapema ni pteropodi, konokono wa baharini wa milimita chache tu, ambaye mguu wake umekuwa mabawa mawili ya kuogelea. Gamba lake ni jembamba, linapitisha mwanga kama kioo, nalo limejengwa kwa aragonaiti, aina ya chokaa inayoyeyuka upesi. Mwaka 2011 watafiti walikusanya konokono hawa katika pwani ya magharibi ya Marekani, ambako maji ya kilindini yenye asidi zaidi hupanda juu kwa kawaida, na moshi wa binadamu umeongeza hali hiyo. Karibu na ufuo, kwa wastani asilimia 53 walikutwa na magamba yaliyoliwa vibaya. Na hawa ni chakula cha samaki, wakiwemo samoni wachanga, kwa hiyo hasara haiishii kwao.

Nilipomsimulia mwenzangu wa chumbani, alinijibu kwa hoja mbili. Ya kwanza: hakuna aliyekusudia kumdhuru konokono, na Allah anatuhesabu kwa nia zetu. Ya pili: sisi Waganda wa bodaboda na jenereta tumechangia nini tukilinganishwa na nchi tajiri?

Kuhusu ya kwanza, fiqhi inatenganisha dhambi na dhamana. Ukivunja sahani ya jirani kwa bahati mbaya huna dhambi, lakini unalipa. Hata aliyeua kwa makosa anawajibika kwa diya na kafara. Nia safi humwondolea mtu lawama, deni linabaki. Utasema konokono hawezi kudai. Ni kweli, lakini anaye Mola wake, na Qur'ani imetufundisha kwamba wanyama nao ni umma kama sisi.

Hoja ya pili ni ya haki, na sitaki kuipuuza. Aliyevunja vingi alipe vingi, na nchi tajiri tuzidai bila haya. Ila udogo wa deni langu haulifuti.

Hapa ndipo ninapobanwa mimi mwenyewe. Nilichagua kemia nikiwa na ndoto ya kazi katika mafuta ya Ziwa Albert, yale yatakayosafirishwa kwa bomba kutoka Hoima hadi Tanga, ukingoni mwa bahari. Wazazi wangu wanaisubiri kazi hiyo. Sisemi mafuta ni haramu, wala simlaumu ndugu atakayeajiriwa huko. Nchi yetu inahitaji shule na hospitali. Nasema tu kwamba nikiingia, sitaweza tena kusema sikujua. Nitalazimika kuuliza moshi unakwenda wapi, nani analipia, na kama ujuzi wangu hauna kazi nyingine yenye manufaa zaidi. Bado sijapata jibu. Kila nikiswali istikhara naliweka swali hilo mbele ya Mola wangu.

Nabii Sulaiman alipomsikia sisimizi, alitabasamu, kisha akamwomba Allah amwezeshe kushukuru na kutenda mema. Udhuru wa kutojua ulikwisha pale aliposikia. Yeye alipewa kuelewa lugha ya wadudu. Sisi tumepewa darubini na maabara. Konokono hana sauti, lakini gamba lake limeshatufikishia habari. Tumeshasikia.

Wallahu a'lam.