Je, Kilichoundwa ni Bandia?

Neno bandia limetwishwa mzigo mzito kupita kiasi. Kwa neno hilo twauita mkono anaovishwa mtu aliyepoteza wake, na kwa neno hilo hilo twaiita noti iliyochapwa na mwizi. Mkono ule humsaidia mwenye dhiki. Noti ile humdhulumu. Vitu viwili vilivyo mbali hivyo kimaadili vimelazwa kitanda kimoja, nasi walimu wa lugha hatuna budi kuuliza kama ni haki.

Hapa Rohero, katikati ya Bujumbura, swali hili si la darasani tu. Maduka ya dawa yapo, na wapo pia wanaoshikilia kuwa dawa ya kweli ni ile iliyoota, kama vile majani machungu ya mti ambao Warundi huuita umubirizi, na kwamba vidonge ni kemikali tu, yaani vitu vya bandia. Mwenye homa akiyaamini hayo akaiacha dozi yake, neno moja lililotumiwa ovyo laweza kumgharimu uhai. Nchi hii yaijua malaria. Katika mlipuko wa miaka 2000 na 2001 wagonjwa waliohesabiwa walikaribia milioni 3, katika taifa ambalo wakati huo halikufikia watu milioni 7.

Mwaka 2003 Burundi ilichagua tiba mpya ya dawa mbili zitumiwazo pamoja: atesunati na amodiakwini. Tuzitazame asili zake. Amodiakwini haikutoka katika mti wowote. Iliundwa yote na wakemia. Atesunati ina asili mbili: kiini chake, atemisinini, hutoka katika mmea wa jamii ya pakanga, ambao mtaalamu wa Kichina Tu Youyou na wenzake waliuchunguza hadi wakakipata kiini hicho mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha mkemia hukibadili ili kifae zaidi mwilini. Basi katika tiba moja tuna kilichoundwa chote na kilichoota kikarekebishwa, na vyote viwili vimeokoa watu.

Kazi ya kuunda vitu vya namna hii huitwa usanisi, na vitu ambavyo mkemia huvitumia kuleta mabadiliko ayatakayo huitwa vitendanishi. Usanisi una historia ndefu. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler aliunda urea, kitu kipatikanacho katika mkojo, pasipo mnyama wala figo. Mwaka 1856 kijana wa London, William Perkin, alijaribu kuunda kwinini. Hakuipata, ila akapata rangi ya zambarau iliyomtajirisha. Mwaka 1944 Wamarekani Woodward na Doering walitangaza njia ya kuiunda kwinini, lakini hadi leo yapatikana kwa urahisi zaidi kutoka magome ya mkwinini, mti uliopandwa sana huko Kivu, kaskazini ya bonde la Ruzizi. Mwaka 2013 ikaelezwa njia nyingine: hamira iliyobadilishwa urithi wake hutengeneza asidi, nayo asidi hiyo, kwa msaada wa vitendanishi na oksijeni, hugeuzwa kuwa atemisinini.

Je, atemisinini hiyo ni bandia? Twajibu: la. Molekuli haina kumbukumbu ya kuzaliwa kwake. Chembe zake ni zile zile, zimepangwa vile vile, na kimelea cha malaria hakiulizi kama muuaji wake alitoka shambani au kiwandani. Bandia halisi ni kile kidonge cha unga mtupu kilichofungwa katika pakiti nzuri na kuuzwa kwa jina la atesunati, kama ilivyogunduliwa mara nyingi katika Asia ya kusini-mashariki. Ubaya wake haukutokana na kuundwa. Umetokana na ahadi ya uongo iliyoandikwa juu ya pakiti.

Atatokea mwenye kutupinga kwa mfano wa vanila, naye ana hoja. Vanilini iliyo katika tunda la vanila ni molekuli moja na ile ya kiwandani. Zamani iliundwa kutokana na mafuta ya karafuu, zao lililozipa sifa Unguja na Pemba. Baadaye ikatolewa katika masalio ya viwanda vya karatasi, na hata katika petroli. Lakini tunda lina vionjo vingine vingi pamoja na vanilini. Kwa hiyo anayeuza vanilini kwa jina la vanilini amesema kweli. Anayeiuza kwa jina la vanila amedanganya. Twaona basi kwamba hoja hii haituvunji, bali yatuimarisha: kosa limo katika jina, halimo katika chupa ya mkemia.

Hata hivyo, kuwa kweli si sawa na kuwa haki. Wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda walipanda pakanga hiyo kwa kutegemea soko lake. Safari ile shamba lilishinda: bei ya zao ilishuka, na kampuni ya Sanofi, iliyokuwa ikitengeneza atemisinini ya hamira huko Italia, ikaamua kukiuza kiwanda chake mwaka 2016. Mkonge wa Tanzania haukuwa na bahati hiyo mbele ya kamba za plastiki. Mkemia anayevumbua njia mpya hamdhulumu mtu kwa kuvumbua tu. Lakini jamii inayofurahia bei nafuu na kumsahau mkulima aliyeilisha jana haiwezi kujisifu kuwa ni adilifu. Asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kingi.

Walimu wenzetu, sehemu yetu katika jambo hili ni ndogo lakini haina mwingine wa kuifanya. Tuwafundishe wanafunzi kusema dawa sanisi pale kitu kilipoundwa, na kuliweka neno bandia kwa kitu kinachodanganya. Mwanafunzi aliyezoea kutenganisha mambo hayo mawili atajua cha kumuuliza muuza dawa. Hatauliza, "Hii imeota au imeundwa?" Atauliza, "Je, kilichomo ndicho kilichoandikwa?"