Fardhi ya Mtaa

Mtu akifa katika mtaa wa Waislamu wa pwani yetu, hahitajiwi mpiga mbiu wa kuwakumbusha watu wajibu wao. Kabla ya adhana ya sala inayofuata mabenchi yamekwisha tolewa, maji ya kuoshea yako tayari, sanda imenunuliwa, na wanaume ambao jana walikuwa hawasemezani wanapokezana jeneza mabegani, kila mmoja akitaka apate thawabu ya hatua chache. Wanavyuoni huliita jambo hili fardhi kifaya, yaani faradhi iliyowekwa juu ya jamii nzima, ambayo wakiitekeleza wa kutosha waliobaki husameheka, na asipoitekeleza yeyote huwa dhambi ya wote. Ninalotaka kuliuliza ni kwa nini mtaa huo huo, wenye hima kubwa namna hii kwa maiti, humwacha bibi mzee ahangaike peke yake kila asubuhi na mjukuu mwenye usonji ambaye skuli imemshinda, au, tukisema kwa insafu, ambaye ameishinda skuli.

Mtoto wa namna hii pengine anazijua namba za daladala zote zipitazo Darajani na njia ya kila moja, asikosee hata moja; walakini kengele ya skuli kwake ni maumivu ya mwili, kola ya sare humkera shingoni mchana kutwa, na sauti za makumi ya watoto wasomao kwa pamoja humfikisha mahali ambapo hana ila mawili, apige ukelele uzidi wa wote au atoke mbio. Mwalimu akibadilishwa bila ya yeye kutayarishwa, siku nzima imeharibika. Elimu ya Zanzibar ilitangazwa kuwa bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na mlango uliokuwa umefungwa na ada ukawafungukia watoto wa maskini. Mlango wa mtoto huyu haukufungwa na ada, na kwa hiyo haukufunguliwa siku ile. Aghalabu mama yake yuko Oman akifanya kazi za nyumbani ili riziki ipatikane, baba ana nyumba nyingine, na aliyebaki wa kumvisha viatu ni bibi mzaa mama, pamoja na babu ambaye magoti yake yamekwisha kumwomba radhi.

Sheria haikuwasahau wazee hawa. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani, mama asipokuwapo haki ya malezi humshukia bibi mzaa mama mbele ya wengine. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na ambaye Minhaji yake imesomeshwa katika darsa zetu vizazi na vizazi, alipoyaeleza malezi hayo hakuyafunga kwa umri wa mtoto, aliyafunga kwa hali yake, akasema ni kumhifadhi na kumlea asiyeweza kujitegemea. Basi bibi anayemwogesha na kumlisha mjukuu wa miaka kumi na miwili, huku majirani wakinong'ona kwamba anamdekeza, ametekeleza hukumu ambayo wanong'onao hawajaisoma.

Husemwa pia, na wasemao wana nia njema, kwamba mtoto kama huyu kalamu imeinuliwa kwake, hana hesabu, na kwa hivyo aachwe nyumbani apumzike. Hoja hii inapendeza, lakini imekaa kombo. Kwanza, wengi wenye usonji akili zao ni timamu, nao wakibaleghe watabeba taklifu kama sisi tuibebavyo, na kumnyima mafunzo mtu wa aina hiyo ni kumfikisha mbele ya Mola wake mikono mitupu kwa kosa letu. Pili, hata yule ambaye kweli kalamu imeinuliwa kwake, kilichoinuliwa ni kuandikiwa madhambi. Haki zake juu ya watu hazikuinuliwa pamoja nayo. Udhuru ni mali ya mwenye udhuru, haumhamii jirani mzima wa viungo akautumia kwa kulala.

Sitakaa sana juu ya lawama wanazotupiwa wazazi na walezi, maana zimekwisha semwa kila lugha. Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeandika mwaka 1943 habari za watoto 11 wenye hali hii, naye hakujizuia kutaja kwamba wazazi wao, na hata mababu na mabibi zao, walikuwa watu wa fikra na vitabu wasiokuwa na moyo mchangamfu. Na mwaka 1967 mwandishi Bruno Bettelheim akalizidisha jambo hili kwa kuwatwika akina mama mzigo ambao elimu ya baadaye iliutupa. Kwetu lawama ni za kijicho na jini, na bibi amekwisha nywesha makombe na kufunga hirizi, akarudi na mtoto yule yule na kibindo kitupu.

Sasa mtaa unayo hoja ya mwisho, nayo ndiyo yenye nguvu: kwamba fardhi kifaya ikipata wa kuitekeleza wengine husameheka, na hapa bibi na babu wameitekeleza. Lakini sharti limo ndani ya jina lenyewe la faradhi hiyo: lazima itosheleze. Maiti aliyeoshwa nusu hajaoshwa, na mtoto aliyefikishwa hadi lango la skuli akarudishwa hajasomeshwa. Imamu l-Haramaini Al-Juwayni, aliyefariki mwaka 1085, alifika hata kusema kwamba mwenye kuitimiza fardhi kifaya huenda akamzidi daraja mwenye kuitimiza faradhi yake binafsi, kwa kuwa amewaondolea dhambi umma mzima. Kwa kauli hiyo bibi yule anatulipia sisi sote deni kila asubuhi, nasi tunampita tukimpa pole.

Wenye kuhofia kwamba skuli ikimlegezea mmoja nidhamu itavunjika, na waisome upya sira. Abdul Muttalib, mkubwa wa Makuraishi, alikuwa akitandikiwa farishi yake katika kivuli cha Al-Kaaba, na wanawe watu wazima hawakuthubutu kuikalia. Akaja mjukuu yatima, ndiye Mtume utotoni mwake, akaketi juu yake, ami zake wakamvuta, na mzee akawaamuru wamwache. Heshima ya kikao haikupungua. Hata chuo cha zamani, pamoja na ukali wa bakora yake ambao siutetei, kilimwacha kila mtoto na ubao wake na somo lake, huyu katika alifu na yule katika juzuu ya pili. Skuli inayomruhusu mtoto aingie baada ya kengele, akae karibu na mlango, avae fulana chini ya sare na atoke anapozidiwa, imetoa kidogo sana. Na kijana wa barazani anayemshika mkono siku mbili kwa wiki, ili babu apumzishe magoti, hajatoa zaidi ya waliobeba jeneza.

Atabaki mmoja wa kusema kwamba hakujua. Nawawi ameliona hilo katika kitabu chake kingine, Raudha: fardhi kifaya ikiachwa, hupata dhambi kila aliyejua na hakuwa na udhuru, na hupata pia asiyejua, ikiwa alikuwa karibu kiasi cha kuweza kujua lau angeuliza, na akaongeza kwamba jambo hilo hutofautiana kwa ukubwa wa mji. Mji mkubwa huenda ukampa mtu udhuru. Mitaa yetu ni nyumba zilizoegemeana ukuta kwa ukuta, na ukelele wa mtoto huyo saa moja ya asubuhi husikika hadi msikitini.