Je, Ridhaa ya Mwenye Njaa ni Ridhaa?



Siku moja baada ya sala ya Alasiri alitujia kijana wa hapa Samburu na suali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Yeye huchukua mizigo katika ghala moja kando ya njia kuu ya Mombasa. Huingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja usiku, na mchana hupumzika saa moja, siku sita kwa juma. Alipomwuliza tajiri wake juu ya saa za ziada, alijibiwa: "Tulikubaliana mimi na wewe. Hukulazimishwa." Basi akatuuliza: "Sheikh, kwa kuwa nilikubali, haki yangu imekufa?"

Tulilipeleka suali hilo darasani, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Tuanze na hesabu, kwani dhuluma hujificha pasipohesabiwa. Saa 11 kwa siku sita ni saa 66. Amri ya jumla ya mishahara ya Kenya imeweka saa 52 kwa juma kwa mfanyakazi wa mchana. Kila saa inayozidi hulipwa kwa ujira wa saa moja na nusu, na kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu ya serikali hulipwa mara mbili. Kijana huyu huzidisha saa 14, yaani kila juma anadai ujira wa saa 21. Majuma manne ni saa 84. Hayo ni zaidi ya juma moja na nusu la jasho, kila mwezi, lisilolipwa.

Ama hoja ya "tulikubaliana", Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeikata. Masharti yake ndiyo kiwango cha chini kabisa, na mapatano yoyote ya kumwachisha mtu haki hizo ni batili. Lakini sisi hatukuridhika kusimama hapo, kwani Muislamu hutaka kujua pia hali yake mbele ya Mola wake.

Tazameni kisa cha Nabii Musa katika Surat al-Qasas. Alifika Madyan akiwa mkimbizi, hana mali wala jamaa. Mzee aliyemwajiri alimtajia muda wa miaka minane, akamwambia kuwa akitimiza kumi hiyo ni hisani yake mwenyewe, na kwamba yeye hataki kumtaabisha. Lau mzee angetaja miaka ishirini, je, Musa angekuwa na uso wa kukataa? Mzee aliiona haja ya Musa, na asiifanye bei. Nyongeza aliiacha mikononi mwa mwenye kuifanya kazi. Basi ridhaa ya kweli ni ile ya mtu awezaye kusema "la" na bado akala usiku ule.

Huenda mwanafunzi wa fiqhi akatwambia kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, afanyaye kazi bila ya kutajiwa ujira hana la kudai. Twajibu: wanavyuoni hao hao wamesema kwamba lijulikanalo kwa ada ni kama lililowekwa sharti. Na leo ujira wa saa ya ziada umejulikana na umeandikwa. Tajiri hawezi kusema hakuusikia.

Tajiri naye atasema: "Vijana ni wengi mlangoni, na nikilipa zaidi nitafunga ghala." Asiyeweza kulipa saa 66 na anunue saa 52. Achukuaye kibaba na nusu akalipa kibaba ni katika wapunjao vipimo, hata kama mwuzaji alinyamaza. Na mfanyakazi anayelala kazini, au kutoroka kabla ya wakati, naye ni mpunjaji vile vile.

Tena tusisahau kwamba haki hizi hazikushuka kama mvua. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandarini, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, waliacha kazi kwa muda wa siku kumi na mbili hivi, wakikutana Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka ule ule, akahamishiwa Kabarnet. Kila mmoja wao peke yake mlangoni kwa tajiri alikuwa "amekubali". Walipokuwa pamoja ndipo ilipojulikana kwamba hawakuridhika hata siku moja.

Jawabu letu kwa kijana, basi, ni hili: haki yako haikufa. Andika saa zako kila siku, mwendee afisa wa kazi wala usichelewe, kwani madai yana muda wake kisheria.

Na jawabu letu kwa nafsi zetu ni zito zaidi. Tajiri yule hutuletea tende za futari kila Ramadhani, na saruji ya ukuta wa msikiti ilitoka kwake. Tulizila tende, tukamwombea dua, wala hatukumwuliza neno. Sadaka hutolewa katika mali ya mtoaji; ujira uliozuiliwa ni mali ya mwengine. Tumekubaliana kumwendea, kwa heshima na kwa siri kwanza, tukamwambie haya kabla ya mwezi mtukufu kuandama. Akighadhibika na kuukata mkono wake, ukuta utangoja.

Wallahu aalam.