Akili Iliyoiona Haki na Mkono Uliokataa Kuitenda



Wapo vijana wetu waliosoma, na wapo pia watafuta ukweli wanaotutembelea, ambao hutuuliza kwa unyofu kabisa: ikiwa mwanadamu amepewa akili, na akili yaweza kumwonyesha lililo haki, basi wahyi wa Mwenyezi Mungu ni wa nini tena? Swali hili halistahili kudharauliwa. Wanafalsafa wa Ulaya waliliuliza zamani, na jibu lao likajenga dola kubwa. Na tuitazame dola hiyo katika siku zake za mwanzo, maana maneno hubishaniwa bila mwisho, bali matendo huacha alama.

John Locke wa Uingereza alifundisha, mwishoni mwa karne ya 17, kwamba hakuna mtu aliyezaliwa na haki ya kumtawala mwenziwe, na ya kuwa serikali ni amana itokanayo na ridhaa ya watawaliwa. Montesquieu wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1748, alionya kwamba mwenye kushika madaraka yote peke yake hataacha kuyatumia vibaya, kwa hiyo madaraka yagawanywe. Haya ni mafundisho mema, wala Mwislamu hana sababu ya kuyaonea wivu. Mnamo Julai 4, 1776, katika mji wa Philadelphia, wajumbe wa makoloni 13 ya Marekani waliyatia mafundisho haya katika Azimio lao la Uhuru: kwamba watu wote wameumbwa sawa, na ya kuwa Muumba wao amewapa haki zisizoweza kuondolewa. Mwandishi wake mkuu alikuwa Thomas Jefferson wa Virginia, aliyekuwa na umri wa miaka 33.

Lakini azimio si serikali. Serikali yao ya kwanza ilisimama juu ya mkataba ulioitwa Vifungu vya Shirikisho, ulioanza kutumika Machi 1, 1781. Kwa kuwa walikuwa wametoka kupigana na mfalme, waliogopa kila kilichofanana na mfalme. Hawakuweka mkuu wa dola, wala mahakama kuu ya taifa zima. Kongresi yao haikuwa na uwezo wa kutoza kodi; iliweza kuyaomba majimbo yachange tu, na majimbo yalichanga yalipopenda. Kubadili kifungu chochote kulihitaji ridhaa ya majimbo yote 13. Ilipopendekezwa mwaka 1781 kwamba bidhaa za kigeni zitozwe ushuru wa asilimia 5, Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, lilikataa, na jambo likafa. Juni 1783 askari wenye madai ya mishahara yao walilizingira jengo la Kongresi, wajumbe wakaikimbia Philadelphia. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni na kodi walishika silaha, na Kongresi haikuwa na fedha wala jeshi la kuwatuliza.

Udhaifu huu ulikuwa na asili moja. Kila jimbo lilikuwa limeahidi, na hapakuwa na wa kuliuliza kuhusu ahadi yake.

Jambo hilo waliliona, nao wakakutana tena Philadelphia mwaka 1787, wajumbe 55. Katiba waliyoiandika ilileta rais, mahakama kuu, na bunge lenye nguvu ya kutoza kodi. Mfuko wa dola ukapata mwenye kuusimamia. Kwa upande huo kazi yao ilikuwa ya hekima, na haki ya mtu haifichwi.

Bali ndani ya Katiba hiyo hiyo waliweka jambo jingine. Majimbo ya kusini yalitaka watumwa wao wahesabiwe katika kugawa viti vya bunge, ingawa mtumwa hakuwa na kura. Wakaafikiana kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Wakakubaliana tena kwamba bunge lisipige marufuku kuwaingiza watumwa kutoka nje kabla ya mwaka 1808, ila laweza kuwatoza ushuru usiozidi dola 10 kwa kila kichwa. Na kwamba mtumwa akitorokea jimbo jingine arudishwe kwa bwana wake. Sensa ya kwanza, ya mwaka 1790, ilihesabu watumwa karibu 700,000. Na ajabu ni kwamba neno "mtumwa" halimo kabisa katika Katiba ile. Wamesema "watu wengine wote", wakapita. Mtu haoni haya kulitaja jambo ambalo moyo wake umelihalalisha!

Basi, ewe msomaji, je, watu hawa hawakujua? Walijua. Jefferson mwenyewe, katika rasimu ya Azimio, alikuwa ameandika aya kali ya kuilaani biashara ya watumwa; Kongresi ikaifuta, kwa kuziridhisha Carolina ya Kusini na Georgia. Baadaye aliandika kwamba huitetemekea nchi yake akumbukapo kuwa Mungu ni mwadilifu. Lakini katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600, na aliowaacha huru ni wachache mno. Alikufa Julai 4, 1826, miaka 50 kamili baada ya Azimio, na mwaka uliofuata watumwa zaidi ya 100 wa nyumba yake wakanadiwa ili madeni yake yalipwe. Mume alinunuliwa huku, mtoto kule.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Akili ya Jefferson haikumdanganya. Ilimwonyesha haki, naye akaiandika kwa kalamu nzuri kuliko wenziwe wote. Kilichokosekana ni kile kile kilichokosekana katika Vifungu vya Shirikisho: mwenye kuiuliza ahadi. Waliutibu udhaifu huo katika mfuko wa dola, wakauacha katika nafsi. Akili ni taa, nayo humulika njia. Lakini njia inapopita katikati ya shamba lako na mali yako, taa haina mkono wa kukusukuma. Kurani Tukufu (4:136) yawaamuru waaminio wasimame imara katika uadilifu, hata ushahidi ukiwa dhidi ya nafsi zao. Nayo haikuishia katika kuamuru. Katika Sura Al-Balad kumwacha huru mtumwa kumefananishwa na kupanda mlima, yaani kazi yenye gharama. Na katika 9:60 limewekwa fungu la zaka kwa ajili ya kuwakomboa walio utumwani. Hazina ya Waislamu iliagizwa kutoa mali ili mtumwa awe huru. Katiba ya 1787 ilimhesabu mtumwa ili bwana wake apate viti zaidi.

Najua utakalolisema. Utasema: na huku kwetu pwani je? Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria huko mwaka 1897, tena kwa kushurutishwa na Waingereza. Na wauzaji wengi walikuwa watu wa kusali. Ni kweli, wala sitaipaka chokaa. Watu wale walikuwa na Kitabu chenye amri iliyo wazi kuliko Azimio lolote, wakakisoma kwa sauti nzuri na kukirudisha rafuni. Kwa hiyo hatusemi kwamba mwenye wahyi huwa mwema kwa kuwa nao. Twasema kwamba wahyi humpa mtu jambo ambalo falsafa haikuweza kumpa: hakika kwamba ataulizwa, na Mwulizaji aliye hai. Ambaye hakika hiyo imekufa moyoni mwake, awe wa Virginia au wa Unguja, hali yao ni moja. Na ndiyo maana Masihi Aliyeahidiwa a.s. hakuja na sheria mpya. Alikuja kuihuisha yakini katika sheria iliyokuwapo.

Februari 1920 Mufti Muhammad Sadiq r.a., mwanafunzi wake, alishuka bandarini Philadelphia, mji ule ule wa Azimio na Katiba. Maofisa walimzuia kwa sababu ya dini yake, akakaa kizuizini wiki kadhaa, akihubiri humo humo mpaka baadhi ya wenziwe wakasilimu. Alipoachiliwa alianza kazi, na mwaka 1921 akatoa gazeti lake, The Moslem Sunrise. Wengi walioitikia wito wake katika miji ya Detroit na Chicago walikuwa Wamarekani Weusi, watoto na wajukuu wa wale waliohesabiwa watano kwa watatu. Wakaingia msikitini, na katika safu ya sala kila mmoja akahesabiwa mmoja.