Daftari la Kisima Namba 5

Walkerton ni mji mdogo wa wakulima na wafugaji katika jimbo la Ontario, Kanada, kando ya mto Saugeen. Mwaka 2000 ulikuwa na watu wasiofika 5,000, idadi ambayo kwetu haijazi hata kata moja. Maji yake yalitoka visimani, baridi na maangavu, na wenyeji walijivunia utamu wake. Malalamiko yalipofika ofisi ya maji, mengi yalihusu dawa: klorini imezidi, maji yananuka. Msomaji wa Kahama au Kitui anayajua malalamiko hayo. Ndiyo yanayosikika kwenye vilula kila fundi anapotia dawa.

Mwezi Mei mwaka huo mji huo wa maji matamu ulipoteza watu 7, na wengine wapatao 2,300 wakaugua, sawa na karibu nusu ya wakazi wake. Kanada si nchi maskini. Walkerton kulikuwa na mitambo ya klorini, na dawa ilikuwapo stoo. Kulikuwa na wafanyakazi wenye leseni, maabara ya kupima sampuli, wizara yenye wakaguzi, na miongozo iliyoandikwa vizuri. Karibu kila kitu ambacho kamati zetu za maji hukiombea bajeti, wao walikuwa nacho. Kwa hiyo kisa chao hakiwezi kufungwa kwa jibu letu la kila siku, kwamba fedha hazikutosha.

Tuanze na kisima chenyewe. Kisima namba 5 kilichimbwa mwaka 1978 pembezoni mwa mji, jirani na shamba la mifugo. Kilikuwa kifupi: bomba la kukinga kuta zake liliishia mita 5 tu chini ya ardhi, na maji yaliingia kupitia nyufa za mwamba mita chache chini ya hapo. Juu ya mwamba huo udongo ulikuwa mwembamba, hautoshi kuchuja kitu. Tangu mwanzo vipimo vilionyesha dalili kwamba maji ya juu yanapenya hadi kisimani, na mtaalamu aliyekichunguza aliushauri mji ufikirie kununua ardhi ya jirani ili shughuli zake zidhibitiwe. Ardhi haikununuliwa. Kisima kikaunganishwa na mji kwa makubaliano kwamba klorini ndiyo itakayokuwa ngao.

Hapa inafaa kueleza klorini inavyofanya kazi, kwa sababu kisa chote kimekaa juu ya jambo hili, na si mafundi wote hufundishwa. Klorini ikiingia kwenye maji huanza kutumika. Kila uchafu unaokutana nayo, iwe ni vimelea, udongo au samadi, hula sehemu yake. Maji yakiwa safi, dawa kidogo inatosha na nyingine inabaki. Maji yakichafuka, dawa ile ile inamalizika njiani kabla haijaua kitu cha maana. Kwa hiyo kujua umetia kiasi gani hakukuambii chochote. Kinachokuambia hali ya maji ni kiasi kilichosalia baada ya muda. Mwongozo wa Ontario ulitaka zibaki miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 15 za kuchanganyika. Kuipima ni kazi ndogo: unachota maji kwenye kichupa, unatia kidonge au unga wa kipimo, maji yanageuka rangi ya waridi, unalinganisha wekundu huo na rangi za kwenye kipimo. Maji yakibaki meupe, hakuna klorini. Huhitaji shahada kuona weupe.

Idara ya maji ya Walkerton iliendeshwa na ndugu wawili, Stan Koebel aliyekuwa meneja na Frank aliyekuwa msimamizi wa mafundi. Stan aliingia kazini mwaka 1972 akiwa kijana na kupanda hadi umeneja mwaka 1988. Leseni zao walipewa kwa sababu ya miaka ya utumishi, bila kukalia mtihani. Hawakuwa watu wenye nia mbaya, na hili ndilo linalotisha kuliko yote. Waliyaamini maji ya mji wao. Walikuwa wakiyanywa pale pale kisimani, hayajatiwa dawa, na Stan aliendelea kuyanywa hata watu walipoanza kuugua. Kwa kuwa waliyaamini, na kwa kuwa majirani walilalamikia harufu, walitia klorini pungufu. Na kwa kuwa mwongozo ulitaka namba daftarini, waliandika namba. Mara nyingi 0.5, mara nyingine 0.75. Kipimo hawakukigusa siku nyingi, lakini safu ya daftari haikuwa na pengo.

Mazoea yana taabu. Chupa za sampuli za maabara nazo zilikuwa na mchezo wake: maji yalichotwa mahali palipo rahisi kufika, kisha yakaandikwa jina la mahali palipotakiwa na ratiba. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba mambo haya yalikuwa yamefanyika kwa miaka mingi. Yeyote aliyewahi kujaza fomu ya mwisho wa mwezi kwa kuangalia ya mwezi uliopita anajua mchezo huu unavyoanza, wala hauanzi kama uhalifu.

Kati ya tarehe 8 na 12 Mei mvua kubwa ilinyesha, jumla ya milimita 134 kwa siku hizo tano. Samadi ilikuwa imemwagwa mwezi uliotangulia kwenye shamba la jirani, na mwenye shamba alifuata taratibu zote za kilimo bora. Jaji aliyechunguza alisema wazi kwamba mkulima huyo hakuwa na kosa. Mvua ikasomba bakteria kutoka kwenye samadi, ikapita kwenye udongo ule mwembamba na nyufa za mwamba, ikafika kisimani. Walikuwa wa aina mbili: E. coli wa kundi la O157:H7, na Campylobacter. Huyo wa kwanza ni mkali, huharisha damu na kwa watoto anaweza kuua figo. Klorini kidogo iliyokuwapo ikamezwa na uchafu.

Tarehe 13 na 14 Frank alipita kisimani kama kawaida. Klorini iliyosalia hakuipima. Daftari likajazwa kama lilivyokuwa likijazwa. Angechota kichupa kimoja tu, angekuta maji yamebaki meupe, na kisima kingezimwa wakati wengi wa waliougua baadaye walikuwa bado hawajanywa. Jaji alilipima jambo hili kwa makini. Kama klorini ingepimwa kila siku, alisema, ukubwa wa mlipuko ungepungua sana. Na kama kisimani kungefungwa vifaa vinavyopima klorini na tope mfululizo na kupiga kengele, mlipuko ungezuilika kabisa. Wakati huo huo kisima kingine cha mji, namba 7, kilisukuma maji siku kadhaa bila klorini hata tone, kwa sababu mtambo wake mpya ulikuwa umenunuliwa ukakaa tu bila kufungwa.

Tarehe 17 Mei maabara ilimtumia meneja majibu ya sampuli zilizochotwa siku mbili nyuma. Yalikuwa mabaya: E. coli amekutwa. Hapo ndipo kisa kilipotoka kwenye uzembe kikaingia kwenye jambo lingine. Meneja hakumwambia mtu. Siku mbili baadaye daktari wa watoto katika mji wa Owen Sound, aliyekuwa ametibu watoto wawili wa Walkerton wanaoharisha damu, alitilia shaka na kuiarifu ofisi ya afya ya wilaya. Ofisi ilimpigia meneja kumuuliza hali ya maji. Akajibu kwamba maji ni salama. Baada ya kujibu hivyo aliongeza klorini na kusafisha mabomba kimya kimya, akitumaini kwamba sampuli zijazo zitakuja safi na majibu ya kwanza yatasahaulika. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, na kwa kawaida tunasema kuhusu mgonjwa mmoja na siri yake. Hapa aliyeficha alikuwa mmoja, waliokuwa wanakunywa walikuwa mji mzima. Mtoto anayeharisha huhimizwa anywe maji mengi, na bomba la nyumbani lilikuwa lile lile.

Tarehe 21 mganga mkuu wa wilaya, Dk. Murray McQuigge, aliamua kutosubiri tena. Akatangaza kwamba maji yachemshwe. Tangazo lilipita redioni, na wengi hawakulisikia. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba. Kesho yake alifariki mtu wa kwanza, na katika siku hizo hizo meneja alimwagiza nduguye aliandike upya daftari la kisima namba 7 ili isionekane kwamba kilifanya kazi bila klorini. Ofisi ya afya ilikuwa imechota sampuli zake yenyewe. Majibu yalipotoka tarehe 23 hakukuwa na la kuficha tena. Watu 27 walipata maradhi ya figo yanayotokana na bakteria huyo, wengi wao watoto.

Ingekuwa rahisi kuishia kwa ndugu hao wawili, na mwaka 2004 mahakama iliwahukumu baada ya wao kukiri kosa: Stan mwaka mmoja jela, Frank miezi 9 ya kifungo cha nyumbani. Lakini Jaji Dennis O'Connor, aliyeongoza tume na kutoa ripoti yake mwaka 2002, hakuwaachia wao peke yao mzigo huo. Mwaka 1998 mkaguzi wa wizara alikuta E. coli katika vipimo vya nyuma na klorini isiyotosha. Akaandika ripoti yenye maneno ya kushauri, amri yenye nguvu haikutolewa, wala hakuna aliyerudi kuangalia. Nakala ilifika kwa makamishna waliochaguliwa na wananchi kuisimamia idara. Walimwamini meneja wao wakaendelea na ajenda nyingine. Mwaka 1996 serikali ya jimbo iliacha kupima maji ya miji katika maabara zake ili kupunguza matumizi, kazi ikaenda kwa maabara binafsi, na hakuna aliyeweka sheria ya kuzilazimisha ziiarifu ofisi ya afya zikikuta vimelea. Kwa hiyo karatasi yenye habari ya hatari iliweza kukaa kwenye meza ya mtu mmoja kwa siku kadhaa, na kwa upande wa maabara hakuna sheria iliyovunjwa. Hasara ya fedha ilikadiriwa kuzidi dola milioni 64 za Kanada, na hesabu hiyo haikuingiza machungu ya waliofiwa.

Marekebisho yaliyofuata yalilenga matundu hayo moja moja. Maabara ikikuta maji hayafai, lazima itoe taarifa papo hapo, na si kwa mwenye maji peke yake. Waendeshaji wanafundishwa na kupewa mitihani, na mwaka 2004 kituo cha mafunzo ya maji kilianzishwa Walkerton kwenyewe. Sheria ya mwaka 2006 inalinda ardhi inayozunguka vyanzo, jambo lile lile lililoshauriwa mwaka 1978. Lililonivutia zaidi ni hili: madiwani na wasimamizi wengine wa mifumo ya maji ya miji sasa wana wajibu wa kisheria wa kuwa waangalifu, na diwani anaweza kushtakiwa. Hawezi tena kusema kwamba maji ni mambo ya mafundi.

Kwetu, Tanzania kwa mfano, miradi mingi ya vijijini na miji midogo inaendeshwa na vyombo vya watumiaji maji chini ya usimamizi wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Mara nyingi ni fundi mmoja, pikipiki moja na daftari. Shirika la Afya Duniani linashauri klorini inayosalia isipungue miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa ya kuchanganyika, na isishuke chini ya 0.2 pale mwananchi anapochota. Namba za kweli hazitulii. Hupanda na kushuka, na hushuka zaidi baada ya mvua, na kilula cha mwisho wa bomba huwa na namba ndogo kuliko cha karibu na tangi. Mjumbe wa kamati asiyejua kemia anaweza kufungua kurasa za masika akazilinganisha na za kiangazi. Akikuta zinafanana kama mapacha, aombe kipimo kitolewe kabatini, waende naye kilula cha mwisho wakachote pamoja.

Kuhusu harufu, ni kweli, watu hawaipendi. Ni afadhali kamati iwaeleze wananchi kwa nini ipo, kwenye mkutano, mbele ya mganga wa zahanati, kuliko kumwachia fundi apambane na akina mama kwenye foleni mpaka apunguze dawa apate amani. Na majibu ya maabara yafike kwa watu zaidi ya mmoja, zahanati ikiwamo, siku ile ile yanapotoka.

Linabaki suala la fundi mwenyewe. Kama kila anapoleta namba mbaya anaitwa kujieleza, anakatwa posho au anatishiwa kazi, basi tumemfundisha kuandika 0.5. Fundi anayerudi kutoka kilula cha mwisho na 0.1 apewe dawa na mafuta ya pikipiki arudi kazini. Maswali kuhusu takwimu za robo mwaka yanaweza kusubiri.