Je, Kijana Anaweza Kuhama kwa Sababu ya Mlima?



Rafiki yangu mmoja ameniuliza swali, na nimelibeba kwa wiki kadhaa sasa. Yeye ni mhasibu, ana miaka 27, anaishi Dar es Salaam. Alipokuwa anasoma Kenya alijifunza kukwea miamba kwa kamba kule Hell's Gate, karibu na Naivasha, na tangu hapo hajapona. Sasa anataka kuacha kazi ahamie Lushoto. Huku hana ndugu, hana mchumba, hajapewa uhamisho. Sababu yake ni moja tu: milima. Akaniuliza, "Frateri, hivi hiyo ni dhambi?"

Ukitazama, sisi tunahama sana. Mtu akisema amehamia Dodoma kwa sababu ya kazi, hakuna anayemhoji. Dada akisema amemfuata mume Mbeya, tunampigia vigelegele. Lakini mtu akisema amefuata mwamba, tunamtazama mara mbili. Mzee mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo nilipomsimulia alijibu kwa neno moja: "Anasa." Kule Marekani wapo vijana wanaohamia miji midogo, kama Lander katika jimbo la Wyoming, kwa ajili ya miamba tu, na haionekani ajabu sana. Mimi sitaki kuanza na Marekani wala na yule mzee. Nianze na Lushoto yenyewe, kwa sababu nadhani jibu limejificha huko.

Mimi ni mtoto wa huku, kwa hiyo mnivumilie nikiisifia. Ukitoka Mombo, barabara inapanda kwa kona juu ya kona, unapita Soni, unafika mji ulioko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Mwezi wa sita na wa saba usipobeba sweta utajuta. Juu ya mji kuna msitu wa Magamba. Ukienda upande wa Irente unafika mahali ambapo nchi inakatika ghafla: chini yako, karibu mita 1,000, iko Mazinde na nyika yake, mashamba ya mkonge yametandikwa kama mkeka, na upepo unapanda kutoka kule bondeni unakupiga kifuani. Sijaona mtu aliyefika pale akaendelea kuongea. Hata wale wa kupiga selfi hunyamaza kidogo kwanza.

Sasa, kwenye falsafa tunafundishwa na Mtakatifu Toma wa Akwino kwamba jema lina sura tatu. Kuna jema la manufaa, kama dawa chungu: hulipendi, unalitumia. Kuna jema la kufurahisha. Na kuna jema linalostahili kupendwa kwa ajili yake lenyewe. Tatizo letu ni kwamba tumezoea kuhesabu sababu za manufaa tu kuwa ndizo sababu za mtu mzima. Mshahara ni sababu. Uzuri si sababu, ni utoto. Mimi nakataa. Kama Mungu aliumba ule ukingo wa Irente kabla hajazaliwa mtu wa kuutazama, basi uzuri wake haukungoja manufaa. Mtu anayevutwa nao hajapotea njia. Ameona kitu ambacho kweli kipo.

Tena Kanisa halina historia ya kuwaogopa wakwea milima. Papa Pius XI, kabla hajawa Papa, alikuwa Padre Achille Ratti, na mwaka 1889 alipanda Monte Rosa kwa upande wake mgumu wa mashariki. Mwaka 1923, akiwa Papa, alimweka Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wakwea milima. Kwa hiyo neno "anasa" nalirudisha kwa mzee wetu kwa heshima zote.

Hata hivyo, kupenda mlima ni jambo moja, na kuufanya mlima uwe ramani ya maisha yako ni jambo jingine. Hapo ndipo rafiki yangu alipo.

Na hapo yupo mama yake. Anaishi Tanga mjini, ni mjane, ana kisukari. Kila mwezi kijana anamtumia shilingi 150,000, na ndiyo dawa, ndiyo chakula. Akihamia Lushoto anategemea kuwafanyia hesabu wafanyabiashara wa mbogamboga na vyama vya akiba na mikopo. Kazi ipo, lakini anakiri mwenyewe kwamba mwaka wa kwanza anaweza asifikishe hata nusu ya kipato cha sasa. Nilipomuuliza kuhusu mama, alisema, "Mungu atajua."

Sentensi hiyo ilinikera, niseme ukweli. Mungu anajua, ndiyo, na ndiyo maana alikupa mama huyo akakupa na mshahara huo. Mtakatifu Toma anaiweka heshima kwa wazazi chini ya haki. Yaani ile 150,000 si hisani ambayo ukibanwa unaikata. Ni deni. Na katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anawakemea vikali watu waliotangaza mali yao kuwa ni sadaka kwa Mungu ili wasiwasaidie wazazi wao. Fikirini hilo. Kama hata altare haiwezi kuwa kisingizio cha kumwacha mama bila dawa, mwamba utawezaje?

Injili hiyo mimi pia naisoma nikimeza mate. Niliweza kuingia seminari kwa sababu dada yangu alibaki nyumbani na wazazi. Wito wangu una mtu anayeulipia, na jina lake halitatajwa siku ya upadrisho. Kwa hiyo simwambii rafiki yangu jambo ambalo halinihusu. Namwambia hivi: mlima unaweza kupata ziada yako, unaweza kupata jasho lako, likizo zako, hata ujana wako. Dawa ya mama hauwezi kuipata. Kama hana mpango wa ile 150,000, basi kuhama kwake mwezi huu kungekuwa kosa, hata kama mlima ni mwema. Kama ana mpango, swali linabadilika.

(Kuhusu hatari ya kukwea sitasema mengi. Ibilisi alimwambia Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, na Yesu akakataa kumjaribu Mungu. Lakini anayekagua kamba yake mara tatu, akavaa kofia ngumu, akakataa kupanda mvua ikinyesha, huyo anaheshimu uhai kuliko wengi wetu tunaopanda bodaboda usiku bila kofia.)

Kuna mkwea mlima mmoja ambaye walimu wa falsafa wanapenda kumtaja. Mshairi Petrarca, mwaka 1336, alipanda Mont Ventoux kule Ufaransa, mlima unaosifika kwa upepo. Alipofika kileleni alifungua kitabu cha Maungamo cha Mtakatifu Agostino alichokuwa nacho, akakutana na mahali ambapo Agostino anawashangaa watu wanaokwenda kustaajabia vilele na bahari huku wakijisahau wenyewe. Petrarca akajikasirikia, akashuka bila kusema neno. Wengi wanaisifu hasira ile. Mimi naona aliharakisha. Agostino hakusema msitazame milima. Alisikitika kwamba tunatazama nje bila kutazama ndani. Ukweli ni kwamba Petrarca asingepanda, asingejikasirikia. Mlima wenyewe ndio uliomfikisha kwenye ule ukurasa.

Lakini anayenisaidia zaidi ni Pier Giorgio Frassati, ambaye Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, siku moja na Carlo Acutis. Vijana wengi mnaijua picha yake akiwa mwambani, yenye maneno aliyoandika kwa mkono, kwamba ni kuelekea juu. Ilikuwa mwaka 1925, wiki chache kabla ya kifo chake. Tunaipenda picha hiyo, tunaibandika kwenye simu. Kinachosahaulika ni anwani yake. Frassati aliishi Torino. Aliipenda milima ya Alpi kiasi cha kuumwa nayo, lakini hakuhamia huko. Alisoma uhandisi wa migodi ili awe karibu na wachimbaji. Baba yake alikuwa mwenye gazeti la La Stampa, na kijana alizunguka vichochoro vya maskini wa Torino akiwapelekea chakula na dawa, mara nyingi bila nyumbani kujua. Alipofariki kwa polio akiwa na miaka 24, maskini hao walijaa barabarani, na familia yake ikashangaa kuona ni wengi namna ile. Alipanda, akashuka, akapanda tena. Kushuka kulikuwa nusu ya safari.

Rafiki yangu alinijibu vizuri hapo. Akasema: "Frateri, Frassati alikuwa na Torino yake. Mimi Dar siijui jirani yangu wa ukuta wa pili. Miaka minne sasa. Namshukia nani?"

Jibu hilo lilinifikirisha kuliko maswali yake yote. Maana inawezekana kabisa mtu akakaa mahali kwa kazi tu, bila kupapenda, na asiwe wa pale hata siku moja. Petro kule mlimani, Bwana alipogeuka sura, alitaka kujenga vibanda vitatu abaki. Tunamcheka Petro, lakini alichokosea si kupapenda mahali. Alitaka kubaki na mwanga bila wale waliokuwa wakisubiri chini, na chini pale palikuwa na baba mwenye mtoto anayeanguka kifafa. Sasa tofauti ya Lushoto na mlima ule ni kwamba huku juu kuna watu. Wanaishi. Wana kifafa, wana madeni, wana misiba.

Hili wageni wengi hawalioni. Wasambaa wa zamani waligawa dunia yao mara mbili: Shambaai, yaani huku juu penye ubaridi, mvua na migomba, na nyika kule chini penye joto na ukame. Mlima kwao ulikuwa nyumba kabla haujawa mandhari. Mama wa Gare anayepanda mteremko na mzigo wa kuni kichwani anaujua mlima kwa magoti. Kijana akija na kamba za rangi na unga wa chaki mkononi, anapanda kwa furaha pale ambapo mwingine anapanda kwa lazima. Si dhambi. Ila ni jambo la kujua, na ukilijua kweli huwezi kumpita yule mama ukiwa na mikono mitupu.

Pale pale Gare kuna kisa kinachonivutia. Misheni ile ilianzishwa mwaka 1897 na wamonaki Watrapisti waliotoka Mariannhill, Afrika Kusini. Watrapisti wanafuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na Benedikto anataka mmonaki aahidi kudumu katika jumuiya yake. Mwanzoni kabisa mwa kanuni yake anawasema vikali wamonaki wazururaji, wanaolala siku tatu au nne katika nyumba hii, kisha wanakwenda nyingine, daima wageni, daima wanahudumiwa. Sasa hao watu wa kudumu ndio waliovuka nusu ya Afrika wakaja kupanda mlima wetu! Sioni mgongano. Benedikto hakukataza safari. Alichokataa ni kufika mahali bila kufungwa na mtu yeyote wa pale.

Kwa hiyo nilimwandikia rafiki yangu maswali badala ya hukumu. Ukihamia Lushoto, utasali jumuiya gani? Nani atakuwa na namba yako ya simu usiku wa manane? Msiba ukitokea kwa mwenye nyumba wako siku ya Jumamosi, siku ambayo anga ni safi na mwamba umekauka, utakuwa wapi? Utajifunza kusalimia kwa Kisambaa, au utabaki kuwasiliana na mwamba? Na miaka mitano ikipita, goti likaharibika usiweze kukwea tena, bado utakuwa na sababu ya kukaa?

Swali la mwisho ndilo alilochelewa kulijibu. Siku tatu. Kisha akaandika: "Sijui. Lakini Dar hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kama hicho."

Mimi mwenyewe sitachagua. Mungu akinijalia upadrisho, Baba Askofu atanituma, na Jimbo la Tanga lina nyika kubwa kuliko milima. Inawezekana sana nikapelekwa Handeni au kule Pangani, nikautazama huu mlima kwa mbali kama mstari wa bluu, wakati kijana wa Dar anaamka kila siku ndani yake. Nikisema siioni hiyo kama hasara nitakuwa nawadanganya. Naombeni mniombee.

Yeye ameamua kuja kwanza kwa mwezi mmoja, Juni, kwa likizo yake, kabla hajaandika barua ya kuacha kazi. Nimemwambia abebe sweta mbili na kwamba jumuiya ya mtaa atakaokaa inasali Alhamisi jioni. Dada yake aliyeolewa Korogwe amekubali kubeba nusu ya ile 150,000 kwa mwaka wa kwanza. Mama bado hajaambiwa. Amenisihi niwepo siku atakapomwambia, eti kwa kuwa mama anawaheshimu mafrateri. Nimekubali kwenda, lakini nimemwambia kwamba atakayeongea ni yeye.